Lubunga, barza na fasi ya muhogo: historia ya uwanja wetu wa nyuma

Wenzangu, leo tuache siasa kidogo, tuongee juu ya uwanja. Siyo uwanja wa mpira. Nasema kile kipande cha udongo kilicho nyuma ya nyumba, ambacho kila familia ya Baraka inakiona kila siku na hakuna mtu anayekiandika. Mimi mwenyewe nilisoma historia miaka mitano, nikaandika kazi yangu ya mwisho juu ya mambo makubwa makubwa, na sikuwahi kujiuliza uwanja wa kwetu una mita ngapi. Niliulizwa mwaka huu, nyumbani, na jibu langu lilikuwa aibu tupu.

Ilikuwa hivi. Nilirudi likizo nikakuta Baba na Yaya hawaongei vizuri. Parseli yetu ina mita 15 kwa 25. Nyumba iko mbele, upande wa barabara, na nyuma kunabaki uwanja wenye muembe mmoja, choo, jiko la Mama na kuku. Yaya alikuwa ameshaita fundi. Alitaka kujenga vyumba ine kwenye ukuta wa nyuma, awapangishe wafanyakazi wa mashirika. "Fasi yote hii iko bure," alisema. "Vyumba ine, kila mwezi franga zinaingia. Muembe unakula ada ya shule?" Baba naye hakutaka kusikia. Tangu turudi kutoka Tanzania anangoja siku ya kusimamisha lubunga yake pale chini ya muembe, watu wakae, waongee. Alimwambia Yaya: "Kesho nikikufa, watu watakaa ndani ya vyumba vya wapangaji?"

Basi wakanigeukia mimi. Weye si ndiye umesoma? Pima, upange, utuambie ukubwa wa kweli ni upi.

Nikachukua kamba na vijiti. Lakini kabla ya kupima nikaanza kuuliza, na kile nilichokipata ndicho ninachotaka kuwaandikia.

Kwa wale ambao hawakukulia kwetu: lubunga ni nyumba ya mkutano ya Wabembe. Haina ukuta mzima. Ni nguzo, paa, moto katikati, na watu kuzunguka moto. Kijiji bila lubunga kilikuwa kama mwili bila kifua. Pale ndipo kesi ziliamuliwa, mahari ilihesabiwa, wageni walipokelewa, na vijana wa kiume walijifunza kunyamaza wakati wakubwa wanaongea. Wanaume walikula pale pamoja, kila mke akileta chakula kutoka jikoni mwake. Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji aliyefanya kazi kwa Walega na Wabembe katika miaka ya 1950, aliiandika lubunga kama nyumba ya wanaume, na hilo neno "ya wanaume" tulikumbuke, litarudi mbele.

Nilimuuliza Baba: lubunga ya babu ilikuwa na ukubwa gani? Akacheka. Akasema haikupimwa kwa mita, ilipimwa kwa watu. Unaita watu wa ukoo, wanakaa chini kwa duara wakiangalia moto, mtu mmoja anazunguka nyuma ya migongo yao akichora mstari kwa fimbo. Mstari ule ndio nguzo. Na kulikuwa na kanuni moja aliyoirudia mara tatu: katika lubunga hakuna mtu wa nyuma. Kila mmoja anaona uso wa kila mmoja. Mtu akikaa nyuma ya mwingine, ni mwanzo wa manung'uniko.

Kumbe mzee alikuwa ananipa hesabu bila kujua. Tutairudia.

Sasa tuvuke ziwa kidogo, maana historia ya uwanja wetu haikai upande mmoja wa Tanganyika. Nyote munajua neno barza. Huku kwetu barza ni ile sehemu ya mbele ya nyumba yenye paa, ambapo mgeni anakaa akingoja soda. Hata Wabelgiji walilichukua neno hilo wakaliingiza katika Kifaransa chao cha Kongo. Lakini neno limetoka mbali. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye maana ya kutoka nje, kujitokeza mbele ya watu. Pwani, Zanzibar na Lamu, baraza ni benchi la mawe au la udongo lililojengwa pamoja na ukuta wa nje, na kutoka hapo likawa jina la kikao chenyewe: baraza la wazee, baraza la mawaziri. Yaani walianza na pa kukalia, ndipo wakapata serikali. Neno likapanda na misafara ya pembe za ndovu mpaka Tabora, mpaka Ujiji, likavuka ziwa, likashuka huku kwetu likiwa limepoteza herufi moja.

Ujiji tunayo picha nzuri ya baraza la aina hiyo. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, na katika kitabu chake alichokitoa mwaka 1872 alieleza walipokaa baada ya kusalimiana. Walikaa kwenye baraza la nyumba ya Livingstone: jukwaa la udongo, chini ya paa lililotokeza mbele sana kuleta kivuli. Kiti cha mzee kilikuwa mkeka na ngozi ya mbuzi juu yake, na ngozi nyingine ilipigiliwa misumari ukutani ili mgongo wake usiguse udongo wa baridi. Mbele yao, anasema, walisimama watu zaidi ya elfu moja. Hiyo elfu moja mimi naipunguza kidogo, Stanley hakuwa mtu wa kupunguza hesabu. Lakini ngozi ya mgongoni naiamini kabisa. Mtu hawezi kubuni kitu kidogo kama hicho.

Kuna jambo jingine katika ukurasa huohuo ambalo nililipita mara ya kwanza nilipokisoma chuoni. Livingstone alikuwa na mpishi, mwanamke aliyeitwa Halima. Stanley anaandika kwamba siku ile Halima alikuwa anatoa kichwa nje ya jiko, anachungulia, ili ahakikishe kama ni kweli kuna wazungu wawili barazani. Kichwa tu. Baraza tunalijua kila kitu: udongo, paa, mkeka, ngozi. Jiko la Halima halina kipimo. Alipikia wapi, mafiga matatu yalikaa kwenye mvua au kwenye kivuli, nafaka ilianikwa wapi? Hakuna aliyeuliza, na chakula kilifika barazani kikiwa tayari.

Baadaye wale wawili walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kuangalia mto Rusizi, wakakuta unaingia ziwani, hautoki. Walirudi wakipita upande wa magharibi, wakiiona milima yetu. Miaka 13 kabla yao, mwaka 1858, Burton na Speke nao walipita hapa kwa mitumbwi wakienda Uvira. Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Sisi tunaotembea kwa miguu mpaka Ubwari tunaweza kumcheka, lakini ramani zimemheshimu: ghuba iliyo mbele ya Baraka bado inaitwa kwa jina lake. Juu ya Wabembe wageni hawa walichoandika zaidi ni uvumi wa mabaharia kwamba tunakula watu. Uvumi uliandikwa, lubunga haikupimwa.

Naleta haya yote kwa sababu nilipoanza kutafuta "ukubwa wa kweli" wa uwanja nilitegemea vitabu vinisaidie, na vilinisaidia nusu. Chukua pwani tena. Wale waliochunguza nyumba za mawe za Lamu wanatueleza vizuri kwa nini vyumba vyake ni vyembamba: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa bila kupinda. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu kadiri mwenye nyumba anavyotaka, lakini upana wake unaishia kama mita 3 hivi. Hilo nililipenda sana. Ukubwa haukuamuliwa na fahari, uliamuliwa na mti uliopatikana. Na kwa lubunga ilikuwa vilevile: Baba anasema duara lilikuwa linaishia pale miti ya paa inapoishia. Ukoo ukizidi duara, hawakuongeza paa. Walijenga lubunga nyingine, na siku hiyo ukoo ulikuwa umegawanyika.

Halafu wakaja Wabelgiji na kamba yao. Katika Kongo yote vijiji vilisogezwa kandokando ya barabara, nyumba kwa mstari, ili msimamizi apite na kuhesabu vichwa. Kijiji kilichokuwa kinaangalia moto wa lubunga sasa kiliangalia barabara. Mjini mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1952 waliunda Office des Cités Africaines, iliyojenga nyumba kwa wingi Léopoldville, Elisabethville, Bukavu na kwingine. Zile ramani zilikuwa na baba, mama na watoto ndani. Shangazi, mjomba, mgeni wa kilio, wale hawakuwa na chumba. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi Bukavu miaka hiyo. Aliporudi kijijini alijenga nyumba yenye barza mbele, upana mita moja na nusu, kama alivyoona mjini. Mama anakumbuka kwamba watu wawili wakikaa pale kwenye viti, wa tatu alipita kwa ubavu. Lakini ilikuwa inaangalia barabara na ilikuwa na simenti, basi ilikuwa maendeleo.

Miaka ya 1964 na 1965 sitakaa sana, kila mmoja wetu ameisikia kwao. Uasi ulifika Fizi, Che Guevara akavuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa 4 mwaka 1965 na Wacuba wake, mwezi wa 9 mamluki wa Mike Hoare wakashuka Baraka kwa boti, mwezi wa 11 Wacuba wakarudi walikotoka. Raia walikimbilia milimani na porini. Baba alikuwa mtoto. Anachokikumbuka siyo bunduki. Anakumbuka kwamba porini wanaume waliendelea kukaa duara jioni, bila paa, na moto mdogo uliofichwa na majani ili moshi usionekane. Lubunga bila nguzo. Hapo nilielewa kwa nini hawezi kumsikiliza Yaya.

Na 1996 ikaja. Wazazi wangu walivuka kama maelfu wengine, Kigoma, halafu Nyarugusu, na mimi nilizaliwa kule. Sasa hapa kuna kitu cha ajabu: kambi ndiyo mahali pa kwanza katika historia yetu ambapo uwanja ulipimwa kwa mita na kuandikwa. Kanuni za kimataifa za misaada zinazoitwa Sphere zinataka kila mtu apate walau mita za mraba 3.5 za sakafu yenye paa, na makazi yote yahesabiwe kama mita 45 za mraba kwa mtu mmoja, pamoja na njia, huduma na bustani ndogo. Choo kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka nyumbani, na kisiwe karibu kuliko mita 30 na chanzo cha maji ya ardhini. Munaweza kucheka, lakini nilipoziona namba hizi chuoni nilisikia kama mtu amenifungulia mlango wa utoto wangu. Kumbe kuna mtu alikaa mahali akafikiri: mtu anahitaji fasi kiasi gani? Lakini hata yeye hakuandika kipimo cha kilio. Mtu akifa, watu mia wanakaa wapi siku tatu? Kule kwetu walikaa njiani, katikati ya nyumba na nyumba, chini ya turubai la kuazima.

Tulirudi kwa boti mwaka 2007. UNHCR ilikuwa imeanza kurudisha watu Baraka mwaka 2005. Parseli tulipata baadaye, kwa hati tuliyoihangaikia, maana mwajua sheria ya mwezi wa 7 mwaka 1973: ardhi ni ya Serikali, sisi tunapewa haki ya kuitumia. Ndiyo maana Yaya ana haraka. Uwanja mtupu, anasema, ni uwanja ambao mtu mwingine anaweza kuuota.

Sasa turudi kwenye vijiti na kamba.

Nilipima. Mbele ya nyumba kuna mita 3, barza mita moja na nusu, nyumba yenyewe kina cha mita 8. Inabaki mita 12 na nusu nyuma, kwa upana wa 15. Vyumba ine vya Yaya, kila kimoja mita 3 kwa 4 na kibarza chake, vingekula mita 12 za ukuta wa nyuma na kina cha mita 5 na nusu. Inabaki mita 7. Na muembe ungekatwa, kwa sababu shina lake liko mita 4 tu kutoka ukuta.

Halafu nikamuuliza Baba anataka watu wangapi. Akasema 40. Nikatumia kanuni yake ya hakuna mtu wa nyuma. Kiti cha plastiki kinahitaji kama sentimita 60. Watu 40 ni mita 24 za mzunguko. Gawanya kwa 3.14, kipenyo ni mita 7 na sentimita 60, bado hujaweka mgongo wa kiti wala nguzo. Paa lingefika mita 9. Haiingii. Ukitaka wakae mistari miwili, wa ndani 16 na wa nje 24, wanaenea ndani ya mita 6, lakini basi watu 24 ni watu wa nyuma. Baba aliangalia hesabu yangu kwenye karatasi muda mrefu. Akasema, "Afazali wachache." Kwa hiyo paa la mita 6, mstari wa kukalia wenye kipenyo cha mita 5. Mzunguko ni mita 15.7. Toa njia mbili za kuingilia, mita 1.2 kila moja, zinabaki 13.3. Kwa viti vya plastiki ni watu 22. Hapo ndipo nilikumbuka jukwaa la udongo la Ujiji. Ukijenga benchi la matofali pamoja na nguzo, mtu anatosheka na sentimita 45, na watu wanafika 29. Saba zaidi, bure, na viti havibebwi na mtu usiku. Baba alikubali mara moja. Aliomba tu ukingo wa nyuma wa kuegemea, mgongo wake unauma. Nikamwambia habari ya ngozi ya mbuzi.

Tulikuwa tunajipongeza, Baba, Yaya na mimi, karatasi juu ya meza. Mama alikuwa anapita na beseni la ndagala. Akasimama.

"Nyinyi munapima fasi ya kukalia," alisema. "Nani amepima fasi ya muhogo?"

Hakuna aliyejibu.

Nataka muielewe vizuri hiyo kimya. Mama anaanika muhogo na ndagala katika uwanja ule tangu turudi. Muhogo unalowekwa, unavunjwa, unaanikwa siku kadhaa, mvua ikija unakusanywa mbio na kila mtoto aliye karibu. Ndagala wanahitaji kichanja, jua na mtu wa kufukuza kuku. Mawese anapikia palepale. Ada yangu ya sekondari, na sehemu kubwa ya ile ya chuo, ilitoka kwenye uwanja ule ambao Yaya aliuita bure na mimi niliuchora kwenye karatasi kama nafasi tupu. Mwana historia mzima! Nilikuwa nimesoma juu ya Halima na kichwa chake mlangoni, nikakasirika kwa niaba yake chuoni, halafu nikafika nyumbani nikafanya kama Stanley.

Na ukiangalia nyuma ni vilevile kila mahali tulipopita. Lubunga ina kanuni, ina jina, ina mtafiti Mbelgiji. Baraza la pwani lina picha katika kila kitabu cha Zanzibar, wakati ua wa nyuma walikopikia ni mstari mmoja au miwili. Barza ya babu mzaa mama ilikuwa na simenti, jiko lake lilikuwa la majani mpaka alipokufa. Chakula kilicholiwa lubunga kilitoka mahali fulani. Wazee watanisamehe: naipenda lubunga, lakini nusu ya uwanja ilipimwa na nusu ilitumika tu.

Kwa hiyo tulianza upya, na safari hii Mama alishika kamba. Alitandika mikeka yake yote minne chini, akaweka kinu, akaweka mafiga, akaweka mbao za kichanja, akatembea katikati akiwa na beseni kichwani. Tulipopima alipokuwa anapita, ilikuwa mita 6 kwa 7. Mraba wa mita 42. Anataka sakafu ya simenti, siyo udongo, kwa sababu muhogo wenye mchanga unauzwa bei ya chini. Anataka ikae kulia, nyuma, kwa sababu upepo wa ziwa mchana unasukuma moshi kule ukutani, si ndani ya nyumba. Na anataka njia yake mwenyewe ya kupitia pembeni mwa nyumba mpaka barabarani, ili mteja asipite katikati ya wazee.

Vyumba vya Yaya vimekuwa viwili, mita 6 za ukuta, baada ya choo kilicho pembe ya kushoto. Kisima alichokuwa anakiota tumekifuta. Pembe kwa pembe parseli yetu haifiki mita 30, na jirani naye ana choo chake. Maji tutaendelea kuchota kwenye bomba. Yaya alinung'unika siku mbili, halafu akapiga hesabu ya wapangaji ine wenye majiko ine na watoto, wote kwenye mita 7, akanyamaza mwenyewe. Muembe umebaki.

Jambo nililolitetea mimi ni moja: sakafu ya Mama na sakafu ya lubunga ziwe usawa mmoja, zikabiliane, bila ukuta katikati, mita 3 tu za njia. Siku za kawaida ni sehemu mbili. Siku ya kilio unatandika mikeka kwenye simenti ya Mama, na watu wengine 40 wanakaa hapo wakiangalia lubunga. Baba alisita, maana wanawake wangekuwa wanaonana uso kwa uso na wazee. Mama alimuuliza ni nani alikuwa anawapikia porini mwaka 1965. Ikaishia hapo, kwa sasa.

Kuna suala la maji, na hili nawaomba musilichukulie kidogo, hasa nyinyi wa mitaa ya chini. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba Uvira, Kalemie na Bujumbura. Watu walisema haijawahi kuonekana. Imeonekana. Mwaka 1878 Tanganyika lilikuwa mita kadhaa juu kuliko leo, ndipo mto Lukuga ukafunguka upande wa Kalemie na maji yakashuka miaka kwa miaka. Yaani kuna viwanja tunavyovigombania sasa ambavyo wakati wa Stanley samaki walikuwa wanapita. Kwetu tuko juu kidogo, lakini mvua ya mlimani haitujali. Tumeamua sakafu zote ziinuliwe sentimita 30, ziwe na mteremko wa sentimita 2 kila mita kuelekea mtaro wa pembeni, na mtaro utoke barabarani, usiende kwa jirani. Fundi alitaka kuelekeza kwa jirani, ilikuwa rahisi zaidi.

Vijiti vimechomekwa tangu wiki iliyopita. Simenti inangojewa kutoka Uvira, na bei inategemea barabara na wale walio barabarani. Paa la lubunga bado halijakubaliwa: Baba anataka majani, Yaya anataka manjanja kwa sababu majani yanaombwa upya kila baada ya miaka michache na waezekaji wamebaki wachache. Juzi asubuhi nilikuta kijiti kimoja cha upande wa Mama kimesogea kama hatua moja kuelekea lubunga. Nilipima. Ni mita 7 na sentimita 60 sasa. Nimeiandika hivyo kwenye ramani.

Nyinyi mulio Fizi-Centre, Mboko, Lulimba, Kazimia, Ubwari, na nyinyi mulio bado Nyarugusu, ninaomba kitu kimoja. Pimeni uwanja wa nyumbani kwenu, mbele na nyuma, mwandike nani anakaa wapi na nani anafanya kazi wapi, na muulize lubunga ya babu zenu ilikuwa ya watu wangapi. Tumeni hapa chini. Mzee wangu ana miaka zaidi ya sitini na tano, na kile kipimo cha fimbo nyuma ya migongo sijakikuta katika kitabu chochote nilichosoma.